Mobileti Zilizoshuka Kimya

Nyumba ya Massoudi ilikuwa Gihosha, mtaa wa mlimani jijini Bujumbura, kando kabisa ya barabara inayoteremka kwenda mjini. Marehemu baba yake, fundi uashi, aliijenga zamani, enzi ambazo watu walilala milango wazi. Sasa ilikuwa mwaka 1997. Vita vilikuwa vimezoeleka, kama kuna mtu anayeweza kuvizoea, na kila jioni Houda, mke wa Massoudi, alifunga mlango kwa makomeo mawili.

Mama yake Massoudi, Bi Mwanne, aliishi nao. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli, basi. Daktari aliyeahidi kumpasua aliondoka nchini risasi zilipoanza, na hakurudi.

Lakini usimwonee huruma haraka. Bi Mwanne alikuwa na kazi yake. Kila mchana, baada ya sala ya adhuhuri, alivuka barabara kwenda kufundisha wasichana Kurani katika chumba kidogo upande wa pili. Alikuwa ameihifadhi Kurani tangu utoto wake mtaa wa Buyenzi, kwa hiyo macho hakuyahitaji. Baada ya alasiri alivuka tena kurudi nyumbani. Alivuka peke yake, na aliyethubutu kumshika mkono alikaripiwa.

"Mama, ngoja nikusindikize," Houda alimwambia kila mara.

"Niache, mutoto wangu. Masikio yangu iko mazuri kupita macho yako. Siku nitashindwa kuvuka barabara, mutanichimbia kaburi."

Alisimama ukingoni, akainamisha kichwa, akasikiliza. Lori alilijua lingali mbali. Basi dogo alilijua. Jipu la askari alilijua na hakulipenda. Pikipiki ndogo zile zenye pedali, ambazo watu wa Bujumbura huziita mobileti, alizijua hata mwenyewe ni nani. Kukiwa kimya, alivuka. Ndivyo alivyofanya miaka yote, na hakuwahi kuguswa na chochote.

Massoudi naye alikuwa na mobileti. Alichukua mikate kwenye tanuri moja Rohero, chini mjini, akaipandisha kwenye vioski vya Gihosha na Mutanga Nord. Kreti ya mikate aliifunga nyuma kwa mpira. Kazi ilikwenda vizuri mpaka nchi jirani zilipofunga biashara na Burundi. Petroli, ambayo pale huitwa esansi, ikawa kama dawa. Iliuzwa kwa chupa, nyuma ya nyumba, na nusu yake ilikuwa imechanganywa na uchafu.

Ndipo Massoudi alipogundua ujanja. Kupanda mlima kulihitaji injini, hilo halina mjadala. Lakini kushuka? Alipofika juu, aliizima injini, akaitenga na gurudumu, akaiacha mobileti iteremke yenyewe kama baiskeli. Upepo ulimpiga kifuani, na esansi ilibaki ndani ya tangi. Ujanja huo aliuita "kushuka bure".

Jambo la bure halifichiki. Massoudi alimfundisha jirani yake, Népomuscène, tarishi wa ofisi moja ya mjini. Népomuscène aliwafundisha wenzake. Baada ya muda mfupi mobileti zote zilishuka Gihosha zikiwa zimekufa injini. Na watu walipenda ule ukimya. Wakati wa vita, nani anataka kujitangaza? Jioni walishuka bila sauti na bila taa, wakaambiana kwamba taa huita risasi.

Mtu mmoja hakupenda. Alikuwa Jovithe, aliyekuwa mwalimu katika shule ya udereva. Shule ilifungwa kwa kukosa esansi, lakini watu waliendelea kumwita Monita. Sasa aliuza makaa mbele ya geti lake, akitazama barabara siku nzima.

"Massoudi," alisema siku moja, "unashuka kimya hivi, iko siku utagonga mutu."

"Monita, mi niko na freni," Massoudi alisema, akiminya breki.

"Na yule mutu, yeye iko na nini?"

Massoudi alicheka. "Mulima Mungu ametupa bure, Monita. Acha tuitumie."

Jovithe akarudi kwenye makaa yake. Katika miaka ile watu walichoka kubishana mapema.

Kisha ikaja ile siku ya mvua. Alasiri ilikuwa imesaliwa, lakini mbingu ilikuwa nyeusi kama magharibi. Juu vilimani mlio wa bunduki ulikuwa umesikika tangu asubuhi, na kila mtu alitaka kuwa kwake kabla ya saa ya kutotoka nje. Bi Mwanne aliwaaga wasichana wake, akasimama ukingoni mwa barabara na mtandio kichwani. Akasikiliza. Alisikia matone kwenye mabati na maji mtaroni. Hakusikia kitu kingine, akakanyaga barabara.

Népomuscène alikuwa anateremka. Injini imezimwa. Taa imezimwa. Alimwona bibi alipokuwa karibu mno. Alibonyeza honi, haikulia. Akabana breki kwa mikono miwili, breki ikateleza kwa maji.

"Mama we! Toka!" alipiga kelele.

Bi Mwanne aligeuka kuelekea sauti, na hilo ndilo lililomponza. Mobileti ilimpiga ubavuni na kumtupa kwenye lami.

Watu walitoka majumbani. Houda alikuja mbio bila viatu. Bi Mwanne alikuwa amelala upande, mguu umekaa vibaya, na hakulia. Alisema tu, "Sikusikia kitu. Houda, mi sikusikia kitu."

Wanaume wawili waliinama kumnyanyua.

"Apana! Musimuinue na mikono!" Jovithe alipaza sauti. "Mufupa ikivunjika, ukimuinua hivyo unaiharibu zaidi. Leteni mulango!"

Waling'oa mlango wa jikoni kwa Massoudi kwenye bawaba zake. Walimtelezesha Bi Mwanne polepole juu ya ubao, wakamfunga kwa kitenge asicheze. Walipokuwa bado wameinama katikati ya barabara, mtu aliruka pembeni akipiga mayowe. Mobileti nyingine ilikuwa imefika katikati yao. Hakuna aliyeisikia. Ilipita kwa nafasi ya kiganja, ikaparuza ukuta, ikasimama.

Alikuwa Massoudi, na kreti yake tupu.

Alimwona mama yake juu ya mlango. Akamwona Népomuscène ameketi mtaroni, damu kwenye goti. Massoudi hakuuliza swali. Alimkamata shingoni, na ilibidi watu wanne wamtoe. Nyani haoni kundule, na Massoudi siku ile hakuliona lake.

Hospitalini walisema nyonga imevunjika. Dawa zilikuwa chache, vitanda vilikuwa vichache, na majeruhi wa risasi walikuja kila siku. Bi Mwanne alilala majuma mengi, uzito umening'inizwa mguuni, kisha wakamrudisha nyumbani. Mfupa uliunga vibaya. Daktari alimwambia Houda kando, kwa sauti ya chini, kwamba bibi huyu hatatembea tena barabarani. Alisahau kwamba masikio ya Bi Mwanne yalikuwa mazima.

Usiku ule Bi Mwanne alilia, na nyumba nzima ilimsikia. Hakulilia maumivu. Alililia wasichana wake na kile chumba upande wa pili wa barabara, hatua chache tu kutoka mlangoni pake.

Massoudi akawa mtu wa hasira. Alitaka Népomuscène afukuzwe mtaani. Vijana fulani wakaja kumpoza, au tuseme kumchochea. "Tuchome ile mobileti yake," walisema. Wewe na mimi tunajua mambo ya miaka ile. Wakichoma mobileti leo, kesho ni nyumba, na keshokutwa nani anakumbuka ilianza na nini?

Jovithe alisikia, akaja uani kwa Massoudi. Vijana walikuwa wamekaa pale. Dirisha la chumba cha Bi Mwanne lilikuwa wazi.

"Massoudi, mi nakuomba kitu kimoja. Leta mobileti yako hapa."

"Ya kazi gani?"

"Ilete tu, sha," Jovithe alisema kirafiki.

Massoudi aliileta, akaisimamisha kwenye stendi.

"Bonyeza klakson," Jovithe alisema.

Massoudi alibonyeza honi. Kimya.

"Washa taa."

Hakuna kitu.

"Unaona? Iyi haina betri. Moteri ikizunguka, ndiyo inafanya umeme. Ule umeme unawasha taa, unaliza klakson. Ukizima moteri, umezima yote. We uko juu ya chuma inakimbia, haina macho, haina mudomo."

"Iko na freni," kijana mmoja alisema.

"Freni ya mobileti ni kidogo. Moteri ikiwa imeshikana na gurudumu, ukipunguza gazi, moteri nayo inasaidia kuzuia. Ukiitenga, freni inabaki peke yake, na mulima, na uzito ya mutu, na ya kreti. Ikiloa na mvua, imekwisha. Népomuscène alibana, mi niliona. Alibana na nguvu yake yote."

"Basi unamutetea!" Massoudi alisimama. "Amevunja mama yangu, na we unamutetea!"

"Apana. Alikosa, na atasema mwenyewe. Lakini mi nakuuliza: siku ile, we ulifika namna gani? Tulikuwa watu wengi barabarani. Nani alikusikia?"

Massoudi aliitazama mobileti yake, pale ilipoparuza ukuta. Vijana walitazama chini.

Sauti ikatoka dirishani. Ilikuwa ya Bi Mwanne.

"Massoudi."

"Naam, mama."

"Mi nilikuwa juu ya ule mulango. Nilisikia watu banaruka, sikusikia mobileti. Nilijua ni we, sababu hata miguu yako ukishuka naijua. Kama munataka kuchoma, muchome zote mbili."

Vijana waliondoka mmoja mmoja. Massoudi aliingia chumbani kwa mama yake, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, ile njia ya kushuka, mi ndiyo nilimufundisha Népomuscène. Ni mi."

"Najua."

"Unisamehe, mama."

Bi Mwanne alinyoosha mkono, akampapasa kichwa. "Nimekusamehe. Lakini musamaha yangu haiwezi kusimamisha mobileti. Endeni mufanye kitu."

Siku iliyofuata Népomuscène alikuja na mkewe, Concilie. Walileta sukari iliyofungwa kwenye karatasi, na sukari wakati ule ilikuwa heshima kubwa. Houda aliipokea, lakini hakuwamiminia chai. Tusimlaumu.

"Mama," Népomuscène alisema, mikono imefumbatana, "sikuwasha moteri. Nilitaka kubakisha esansi. Klakson ilikataa, na mi nilijua itakataa. Mana yanje, Mungu wangu, kila usiku naona vile uligeuka."

"Nilikugeukia sababu uliita," Bi Mwanne akajibu. "Ungelikuwa na moteri, nisingelitoka pale ukingoni. Keti. Houda, mupatie watu chai."

Jumapili mkuu wa mtaa aliwaita wenye mobileti wote, mbele ya geti la Jovithe. Walikuja wamekunja nyuso. Walijua wataambiwa nini.

"Mukitukataza kushuka bila moteri, tutakula nini?" mmoja alifoka. "Esansi mutatupa nyie?"

"Na askari?" mwingine akaongeza. "Ukikuya na kelele na taa kwenye barieri, pale wanafunga njia, si unajitafutia risasi?"

Jovithe alimjibu huyu wa pili kwanza. "Mi nilifundisha watu kuendesha miaka mingi. Sasa we ujiweke pale barieri. Ni giza. Unaona kitu inakuya mbio, haina sauti, haina taa. Utafikiri ni muuza mikate? Utafikiri ni adui. Mwenye kuonekana na kusikika ndiye anapata nafasi ya kujieleza."

Watu walinong'ona. Hilo hawakuwa wamelifikiria.

Kuhusu esansi, Jovithe hakuwa na jibu tamu. "Itakwisha haraka zaidi," alisema. "Siwezi kuwadanganya."

Massoudi alisimama.

"Mi ndiyo nilianza iyi mambo. Niliita bure. Haikuwa bure. Mama yangu ndiye alilipa, na bado analipa kila siku. Kuanzia leo mi nashuka na moteri inawaka. Nitaacha safari moja ya mikate, sina namna. Mwenye hataki, akuye kwanza nyumbani kwangu amuangalie mama yangu, kisha aniambie."

Walibishana mpaka jua likawa kali. Mwishowe walikubaliana. Injini iwake kuanzia kona ya juu mpaka barabara inapolala tambarare, na isitengwe na gurudumu. Taa iwake mara mwanga unapopungua, na wakati wa mvua hata mchana. Kila mtu ashike upande wake wa kulia, wala asipakie mzigo mpaka akashindwa kufunga breki. Mobileti isiyo na honi ifungwe kengele ya baiskeli, na breki zikaguliwe na Jovithe kila mwisho wa juma. Mbele ya nyumba ya Massoudi waliweka mawe makubwa, moja kila upande, yakapakwa chokaa. Hapo ndipo pa kuvukia. Mwenye mobileti akimwona mtu amesimama kwenye jiwe, asimame, lakini asizime injini, ili asiyeona ajue kwamba yupo na kwamba amesimama.

Adhabu waliichagua wenyewe: atakayekamatwa anashuka kimya ataisukuma mobileti yake kwa miguu, tangu chini mpaka juu, mchana watu wakimtazama. Wa kwanza kuisukuma alikuwa yule yule aliyefoka kuhusu chakula. Alisukuma huku akitukana, na wanawake wa mtaani walimzomea mpaka kileleni. Hakurudia.

Usidhani kwamba maisha yalikuwa mepesi. Massoudi alipata kidogo kuliko zamani, na siku nyingine aliiacha mobileti nyumbani kwa kukosa esansi, akapandisha mikate kichwani. Bunduki zililia vilimani kama kawaida. Népomuscène alichechemea kidogo kwa lile goti, na alipopita mbele ya nyumba ile hakuweza kuinua macho. Lakini mvua zote za mwaka ule zilikwisha, na hakuna mtu mwingine aliyegongwa kwenye mteremko wa Gihosha.

Bi Mwanne hakuvuka tena barabara. Walimwekea kitanda chini ya dirisha, na Houda akatandika mkeka sebuleni. Kwa kuwa mwalimu hakuweza kwenda kwa wasichana, wasichana walikuja kwa mwalimu. Mara ya kwanza mama zao waliogopa. Waliwakumbuka vizuri watu waliokuwa wanaruka kandokando siku ile.

Mobileti sasa zilipita na kelele kutwa nzima. Moshi uliingia ndani, na Houda aliyekuwa na kichwa kinachouma akasogea dirishani.

"Mama, nifunge? Hii kelele itakuua."

"Acha wazi," Bi Mwanne alisema. "Wakinyamaza ndiyo nitaogopa."

Adhuhuri ilikuwa imeshasaliwa. Mobileti moja ilikuwa inateremka, ikinguruma, ikapunguza mwendo. Bi Mwanne aliinamisha kichwa. Ilisimama kwenye mawe ya chokaa, injini ikiendelea kuzunguka. Kisha akasikia ndara za wasichana kwenye lami, bila haraka, na mmoja wao alikuwa anacheka.

Bi Mwanne alivuta mtandio wake vizuri, akajifuta uso kwa pindo lake.

"Houda," alisema, "fungua mulango. Wamevuka."